Na ya Kutolea: Tozo ya Miamala Ilikata Nini Hasa?

Ukiambiwa "nitumie elfu hamsini na ya kutolea," unajua la kufanya: unatuma hamsini, juu yake unaongeza makato ya wakala, ili mwenzako atoe hamsini kamili isipungue hata mia. Msemo huu haukufundishwa shuleni. Umezaliwa mitaani baada ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kwa miaka mingi ulikuwa suala la adabu tu. Mama mzazi na mkwe wanatumiwa na ya kutolea. Rafiki aliyezoea kupiga mizinga akatwe mwenyewe, atajifunza.

Katikati ya Julai 2021 msemo huo ukageuka suala la sera ya nchi.

Nakumbuka kwa sababu wiki ileile tulifiwa. Msiba ulikuwa Kondoa, sisi wengi tuko Dar. Tukafanya kama siku zote: kundi la familia kwenye simu, kila mmoja elfu ishirini, hela zote kwa shangazi, shangazi azitume kwa baba mdogo aliye msibani anunue mchele, mafuta na sanda. Tulikuwa kumi na wanne, kwa hiyo hesabu ilikuwa laki mbili na themanini. Jioni baba mdogo akapiga simu.

"Dada, mbona imepungua?"

"Imepunguaje? Mimi nimetuma yote."

"Kwa wakala nimepata pungufu. Hukuweka ya kutolea?"

"Niliweka, baba. Ile ya zamani."

Ile ya zamani. Shangazi alikuwa ameweka makato aliyoyajua miaka yote, na juu ya makato hayo lilikuwa limekaa jingine jipya. Ujumbe wa simu ulionyesha sasa mistari miwili: ada ya kampuni, na tozo ya serikali. Wengi wetu hapo ndipo tulipoisikia tozo kwa mara ya kwanza, ingawa ilikuwa imesomwa bungeni mwezi mmoja kabla.

Hotuba ya bajeti ya 2021/22 ilisomwa Juni 10, 2021 na Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba. Ndiyo bajeti ya kwanza chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, trilioni 36 na ushee. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la kukata kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu, kutegemea ukubwa wa kiasi. Sheria iliyorekebishwa ni ile ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na makato yakaanza Julai 15. Wengine waliiita ya mshikamano, wengine ya uzalendo. Kwa maoni yangu, makato yanayohitaji jina zuri kiasi hicho tayari yanajua kwamba hayajaeleweka.

Kabla sijalaumu, nitenganishe maneno, maana mabishano mengi ya mwaka ule yalikuwa watu wawili wakitumia neno moja kwa vitu viwili. Ada ni malipo ya huduma: kampuni ya simu imekubebea hela, unailipa. Ushuru wa bidhaa na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni kodi zinazowekwa juu ya ile ada. Tozo ni serikali kukata kwa ajili ya jambo maalumu, na hapa jambo lilikuwa miradi kama vituo vya afya na madarasa. Mteja haoni mipaka hiyo. Kwake vyote ni makato, na wa kulaumiwa ni kijana wa wakala aliye mbele yake.

Na hapa kuna jambo ambalo halikusemwa vya kutosha. Serikali haikuwa inaanza kuvuna kwenye pesa za simu. Ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ulikuwepo, na tangu Julai 2016 VAT ya asilimia 18 ilikuwa inatozwa kwenye ada za huduma za fedha. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa zimejificha ndani ya ada. Ukilipa ada ya elfu moja, sehemu yake inakwenda serikalini, lakini kinachopimwa ni huduma uliyonunua. Tozo ya 2021 ilipita pembeni ya ada ikashika hela yenyewe.

Kiini cha jambo kiko hapo, na majirani wanatusaidia kukiona.

Kenya wamekaa upande wa ada. Kwa miaka kadhaa ushuru wao ulikuwa asilimia 10 ya ada ya kutuma pesa, ukapanda hadi 12 mwaka 2018, ukafika 15 Julai 2023. Kama ada ni shilingi 20, serikali inachukua shilingi 3. Kiasi unachotuma hakiguswi. Haina maana Wakenya wameridhika. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuupandisha ushuru huo hadi asilimia 20, na huo ni mmoja tu wa mizigo iliyokuwa ndani ya mswada ule ambao Rais Ruto aliishia kukataa kuusaini baada ya vijana kujaa barabarani Juni.

Uganda walikwenda upande wa pili, tena kwa pupa. Julai 1, 2018 walianza kutoza asilimia moja ya kiasi chenyewe, tena kwa zaidi ya hatua moja ya safari ya hela. Chukua laki moja ya Uganda. Mtoto anamtumia mama yake, na kila hatua inayotozwa inaondoka na elfu moja. Laki moja haijanunua hata kilo ya sukari, imeshapungua zaidi ya mara moja, na ada ya kampuni hatujaitaja. Siku hiyohiyo waliweka na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, ile ambayo Rais Museveni aliitetea kwa hoja kwamba mitandao inaleta umbea, "olugambo." Kabla mwaka haujaisha, ile asilimia moja ilishushwa ikawa nusu, na ikabaki kwenye kutoa peke yake. Ya mitandao nayo iliondolewa mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti.

Ghana, mbali kidogo lakini ni hadithi hiyohiyo, walianza Mei 2022 na asilimia 1.5 ya kiasi kinachotumwa, baada ya wabunge wao kushikana mashati. Wakashusha hadi asilimia moja. Mwaka 2025 wakaifuta kabisa.

Nchi tatu, na zote zilizogusa kiasi chenyewe zilirudi nyuma. Zilirudi kwa ajili ya kelele, ndiyo, ila nadhani hata bila kelele zingerudi, kwa sababu ya jinsi hela inavyotembea.

Turudi kwenye laki mbili na themanini ya msiba. Ilianza kama miamala kumi na minne ya elfu ishirini, kila mmoja ukakatwa. Ikawa moja, ikatumwa Kondoa, ikakatwa. Baba mdogo akaitoa, ikakatwa. Hakuna aliyeuza kitu wala kupata faida popote katika safari hiyo. Hela ileile, kwa marehemu yuleyule, imepita milango mitatu na kila mlango una bawabu.

VAT, pamoja na ubaya wake wote, ina ustaarabu. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anapunguza ile aliyokwisha kuilipa kwenye manunuzi, kwa hiyo inayobaki ni kodi juu ya thamani iliyoongezeka hatua kwa hatua. Kodi ya mapato nayo inauliza swali moja kabla ya kukata: umepata? Tozo ya muamala haiulizi lolote. Aliyetumiwa faida ya duka na aliyetumiwa mkopo wa kumlaza mtoto hospitali wanakatwa sawasawa kama kiasi ni kimoja. Anayepata mshahara mara moja kwa mwezi anaguswa mara chache. Muuza mboga anayepokea na kutuma mara sita kwa siku, akizungusha mtaji uleule wa elfu arobaini, anaguswa mara sita, ingawa mwisho wa siku mfukoni ana faida ya elfu saba.

Sasa nitende haki upande wa pili, maana serikali haikuwa imelewa.

Mapato ya kodi ya Tanzania yamekuwa yakizunguka karibu na asilimia 12 ya pato la taifa. Hicho ni kiasi kidogo kwa nchi inayotaka reli, mabwawa ya umeme, elimu bila ada na zahanati kila kijiji. Wanaobeba mzigo ni wafanyakazi wenye mishahara, kampuni chache kubwa na bandari. Sehemu kubwa ya uchumi wetu haina risiti wala vitabu, na kila serikali imehangaika kuifikia. Mwaka 2013 walijaribu kutoza shilingi 1,000 kwa mwezi kila laini ya simu. Watu wakapiga kelele, Rais Kikwete akaingilia kati, ikaondoka. Desemba 2018 Rais Magufuli akaja na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha shilingi 20,000, kiliuzwa hadi kwa wauza karanga. Agosti 2021 kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na wapangaji wakajikuta wanalipia majengo yasiyo yao.

Ukipanga matukio hayo pamoja unaona fikra moja. Mtu asiyeonekana TRA, mamlaka ya mapato, anaonekana mahali pawili: kwenye mita ya umeme na kwenye simu. Hapo hahitajiki ofisa wa kodi wala mgambo wa kufunga vibanda. Kompyuta ya kampuni inakata, inajumlisha, inapeleka. Ukiwa Hazina na deni linakusubiri, ni vigumu kuuona mtambo kama huo ukauacha.

Walioitetea walisema haba na haba hujaza kibaba. Wananchi wakajibu, bandu bandu humaliza gogo. Methali zote mbili ni za kweli, na zinaeleza kitendo kimoja. Inategemea wewe ni kibaba au ni gogo.

Na kibaba kilijaa kiasi, hilo halina ubishi. Vituo vya afya vilijengwa kwenye tarafa ambazo hazikuwahi kuwa navyo, madarasa yakapanda. Anayesema hela zote ziliyeyuka hajatembea. Ugomvi wangu ni na mahali pa kukatia. Mama aliyepewa kituo cha afya karibu na kwake ni yuleyule anayetumiwa hela ya dawa na mtoto wake aliye mjini, na ni hela hiyo iliyokatwa.

Yaliyofuata yanaonyesha nani hasa akilia anasikika. Siku chache baada ya kuanza, Rais aliagiza tozo ziangaliwe upya, na Septemba 2021 zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kilele kikashuka kutoka 10,000 hadi 7,000. Julai 2022 kikashushwa tena hadi 4,000, lakini safari hii wavu ukatandazwa ukafika benki: kuhamisha, kutoa kwenye mashine, vyote. Hapo ndipo moto ulipowaka kwenye maofisi. Mtumishi amekatwa kodi ya mshahara kabla hajauona, anakwenda kuuchukua anakatwa tena. Kelele zile nilizisikia hadi kwa watu ambao mwaka mzima uliotangulia walikuwa wanatuambia tuwe wazalendo. Septemba 20, 2022 waziri akasimama bungeni, na kuanzia Oktoba 1 tozo ya kuhamisha fedha ndani ya benki, kati ya benki, na kati ya benki na simu ikafutwa.

Miezi mitatu. Tozo ya kutuma kutoka simu kwenda simu, ile ya shangazi yangu, ilipunguzwa tu wakati huo. Ilifutwa Julai 2023, baada ya miaka karibu miwili, ikabaki ya kutoa. Sisemi kulikuwa na njama. Nasema wenye akaunti benki wanajua nani wa kumpigia simu.

Kuna kitu kingine kilinikera na bado kinanikera, nacho ni kile kilele. Watu walishangilia kiliposhuka hadi 4,000, nami nilikaa na kalamu. Elfu nne kwenye milioni nne ni asilimia 0.1. Elfu nne ileile kwenye milioni arobaini ni asilimia 0.01. Ukishavuka kilele, kila unapozidi kuwa na hela ndivyo tozo inavyozidi kuwa nyepesi. Kwa simu, ambako kuna ukomo wa kiasi cha kutuma, tofauti haikuwa kubwa hivyo. Ilipofika benki ikawa kichekesho.

Na kufuta nako kuna bei. Bajeti ileile ya 2023/24 iliyoondoa tozo ya kutuma ilileta shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani elfu moja kwa mfuko wa kilo hamsini, na shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli. Shimo lilibidi lizibwe. Kwa upande wangu bora saruji, maana anayemimina zege la ghorofa ananunua mifuko mingi kuliko anayesakafia chumba, japo najua mafundi wa mtaani hawatanielewa. Mafuta ni hadithi nyingine, yanaingia kwenye nauli na kwenye nyanya.

Lakini hasara ambayo sijaona ikihesabiwa vizuri ni ya tabia. Watu hawakukaa kimya wakakatwa, walihama njia. Kuna kibanda cha wakala karibu na ninapoishi, mwavuli, meza na kiti cha plastiki, simu nne zimefungwa kwa mpira. Mwaka ule kijana wa pale alikuwa na muda wa kumaliza gazeti lote. Malipo ya dukani kwa lipa namba hayakuwa na tozo, basi mjini hapa lipa namba ikafanya kazi ambayo haikuumbiwa. Unamlipa wakala kana kwamba umenunua kitu, yeye anakupa noti, mnagawana kidogo. Kwenye vitabu inaonekana nchi nzima imeanza kufanya manunuzi ya kisasa. Wengine wakarudi kwenye kibubu. Vikoba vikarudisha sanduku na kufuli tatu. Wenye ndugu kando ya barabara kuu wakakumbuka kwamba kondakta wa basi ana mfuko wa ndani.

Hapo ndipo sera mbili za serikali moja zilipogongana. Benki Kuu ilikuwa inajenga mfumo wa kuziunganisha benki na mitandao ili hela ivuke papo kwa papo, na viongozi wakihimiza tuachane na noti. Nao ni wakweli, maana noti haiachi alama, na pasipo alama mkusanya kodi ni kipofu. Ndipo ukaweka makato kwenye ile njia yenye alama, ukaiacha bure ile isiyo nayo. Kijana wa mwavuli hakusoma uchumi, lakini aliniambia kwa ufupi kuliko nilivyoandika: "Kaka, wamemtoza anayepita kwenye taa, anayepita gizani kapeta."

Bajeti ya 2025/26 ilikuwa na kipengele kilichopita bila shangwe nami nadhani kilistahili. Mnunuzi wa kawaida anayelipia bidhaa kupitia benki au mfumo wa kielektroniki atozwe VAT ya asilimia 16 badala ya 18. Ni pointi mbili tu, na dukani kwa mangi ambako VAT haipo kabisa hazina maana. Ila mwelekeo umegeuka: safari hii anayepita kwenye taa ndiye anapunguziwa. Kama hilo lingeanza mwaka 2021, wauza duka wangekuwa na sababu ya kubandika lipa namba ukutani tofauti na ile waliyoipata.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba mwingine, si wa Kondoa, wa Korogwe. Kutuma hakuna tozo tena, nilimkumbusha shangazi, tena mara mbili, nikamwonyesha na ujumbe kwenye simu yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akafungua daftari.

"Mwanangu, wewe niletee mkononi. Kuna kijana anaondoka na basi la saa kumi na mbili."